Ukuu au Ukongwe: Mvutano wa Orodha ya Marubani Mashirika ya Ndege Yanapoungana

Mashirika mawili ya ndege yanapoungana, rangi na nembo hubadilishwa upesi, mifumo ya tiketi huchukua mwaka mmoja au miwili, lakini orodha ya marubani inaweza kukaa miaka kumi bila kupatiwa mwafaka. Asiyeijua kazi hii huuliza iweje watu wazima, wenye mishahara ambayo wengi wanaitamani, wafikishane mahakamani kwa sababu ya mpangilio wa majina. Swali hilo ni la haki, na jibu lake linaanzia kwenye namba.

Katika mashirika makubwa ya Marekani, kila rubani ana namba yake katika orodha moja, na kwa kawaida namba hiyo hufuata tarehe aliyoajiriwa. Kila mwezi marubani huingiza kwenye kompyuta maombi ya ratiba wanazozitaka: safari zipi, mapumziko siku zipi. Mfumo humhudumia kwanza mwenye namba ya juu kuliko wote katika kundi lake (namba 1 ndiyo ya juu kabisa), kisha anayemfuata, ukashuka hivyo hivyo hadi wa mwisho, ambaye hupewa kilichobaki. Wa juu hula sikukuu nyumbani na huchagua safari zinazomlipa vizuri. Wa chini hukaa zamu ya akiba, begi likiwa tayari mlangoni, akisubiri simu. Namba hiyo ndiyo inayoamua nani apandishwe kuwa kapteni na nani ahamie ndege kubwa, na biashara ikiyumba ndiyo inayoamua nani arudishwe nyumbani kwanza. Tena haihamishiki. Rubani mwenye utumishi wa miaka 20 akihamia shirika jingine huanzia mkiani, nyuma ya kijana aliyeajiriwa wiki moja kabla yake.

Ndiyo maana sioni mgogoro wa mshahara na mgogoro wa orodha kuwa mambo mawili. Rubani hulipwa kwa saa, na kiwango cha saa hutegemea aina ya ndege, kiti anachokalia na miaka yake ya utumishi. Katika mikataba mingi ya Marekani nyongeza ya miaka hufika kikomo mwaka wa 12. Baada ya hapo, ukiacha nyongeza zinazoletwa na mkataba mpya, njia ya kupandisha kipato ni kubadili kiti au ndege, na vyote viwili hutolewa kwa kufuata namba. Anayepigania nafasi yake kwenye orodha anapigania mshahara ambao bado hajalipwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Shirika la kwanza lina marubani 1,000, limedumaa, na hakuna aliyeajiriwa katika miaka kumi iliyopita. Rubani wake mwenye utumishi wa miaka 15 ni namba 900. Bado ni rubani msaidizi wa ndege ndogo. Shirika la pili lina marubani 500 na linakua kwa kasi, kiasi kwamba rubani wa miaka 6 amekwisha kuwa namba 150, na ni kapteni. Mashirika haya yakiungana, orodha ikapangwa kwa tarehe ya ajira, kapteni huyo anajikuta nyuma ya watu wote 1,000 wa upande wa pili, namba 1,150 kati ya 1,500. Amelala akiwa katika asilimia 30 ya juu, ameamka ndani ya robo ya mwisho. Ikipangwa kwa uwiano wa nafasi, kapteni anakuwa namba 450, na yule mwenzake wa miaka 15 anakuwa namba 1,350, nafasi 900 nyuma ya mtu ambaye yeye amemzidi kwa miaka tisa kazini. Hesabu zote mbili ni sahihi, na kila moja inamwonea mtu.

Kiswahili kinatusaidia hapa kwa kutupa maneno mawili pale ambapo marubani wa Marekani wana moja tu, seniority. Ukongwe ni miaka ambayo mtu ameitumikia kazi. Ukuu ni mahali alipo mbele ya wenzake. Ndani ya shirika moja mambo hayo hutembea pamoja, na hakuna anayelazimika kuyatenganisha. Muungano ndio unaoyatenganisha, na hapo kila upande hushika neno linaloufaa.

Hakuna kesi iliyoonyesha hilo kwa uchungu zaidi ya muungano wa US Airways na America West wa mwaka 2005. US Airways ilikuwa imeomba kinga ya mufilisi mara mbili katika muda wa miaka miwili hivi, mishahara ya marubani wake ilikuwa imekatwa vibaya, na kati ya marubani takriban 5,100, wapatao 1,700 walikuwa wamesimamishwa bila malipo wakisubiri kuitwa. America West ilikuwa na marubani wapatao 1,900, wengi wao wenye miaka michache kazini, na wote walikuwa wakiruka. Chama cha marubani cha ALPA, kilichowakilisha pande zote mbili, kilikuwa na utaratibu wake: mazungumzo yakishindikana, msuluhishi huru ataamua, na uamuzi wake utakuwa wa mwisho. Yalishindikana. Mwaka 2007 msuluhishi George Nicolau aliwaweka marubani wakongwe wapatao 500 wa US Airways, walioitwa wa Mashariki, juu kabisa kwa sababu ya ndege zao za masafa marefu. Akawachanganya waliobaki kazini kwa kuangalia nafasi ya kila mmoja katika orodha yake ya zamani. Na wale 1,700 waliosimamishwa akawaweka chini. Matokeo yake, rubani wa Mashariki aliyekuwa na zaidi ya miaka 15 ya utumishi alijikuta nyuma ya rubani wa America West, yaani wa Magharibi, ambaye alikuwa ameajiriwa miezi michache tu kabla ya muungano.

Watu wa Mashariki walikuwa na hoja, na wanaozipuuza hoja zao wanakosea. Walisema kusimamishwa hakukuwa kosa lao, bali kulitokana na uendeshaji mbovu na mtikiso uliofuata mashambulizi ya Septemba 2001. Walisema pia kwamba marubani wao wengi walikuwa wakikaribia kustaafu, hivyo viti vya ukapteni vingefunguka kwa waliokuwa nyuma yao, na sasa vijana wa Magharibi wangevuna wasichopanda. Hoja hii ya pili naiona nzito kuliko ya kwanza, kwa sababu inazungumzia kitu kinachohesabika: tarehe za kuzaliwa zipo kwenye mafaili.

Watu wa Magharibi walijibu kwamba ahadi ya kupanda cheo katika shirika linaloelekea kaburini haina thamani. Mwaka 2005 US Airways isingepata muungano ingeweza kufungwa, na hapo wa Mashariki wangeenda kuomba kazi kwingine na kuanza na namba za mwisho. Iweje mtu asiye na kazi siku ya muungano aje amshushe kapteni kutoka kwenye kiti alichokalia asubuhi hiyo? Isitoshe, wote walikuwa wamekubali kabla kwamba uamuzi wa msuluhishi utafuatwa.

Kwangu mimi, hili la mwisho ndilo linaloelemea mizani. Mtu anaweza kuamini kwamba Nicolau angeweza kuupa ustaafu ujao uzito zaidi, nami naelekea huko, lakini aliyekubali mwamuzi hawezi kukataa filimbi baada ya kufungwa. Wa Mashariki, kwa kuwa walikuwa wengi, walifanya kilichowezekana kwa wingi wao: Aprili 2008 walikiondoa ALPA kwa kura na kuweka chama kipya, USAPA, kilichojifunga kutetea tarehe ya ajira. Wa Magharibi wakaenda mahakamani Arizona, na mwaka 2009 baraza la wazee wa mahakama likaona kwamba USAPA imevunja wajibu wa kuwawakilisha wote kwa haki. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikalifuta hilo kwa sababu kesi ilikuwa haijaiva: mkataba wa pamoja kati ya kampuni na marubani wa pande zote mbili haujasainiwa, basi hakuna aliyeumia bado. Ni mwaka 2015 tu ambapo mahakama hiyo hiyo iliamua kwamba chama kilikuwa kimekiuka wajibu wake.

Sasa tuangalie nani alinufaika. Orodha ya Nicolau isingeweza kutumika bila mkataba wa pamoja, kwa hiyo njia ya kuikwepa ilikuwa kutokuwa na mkataba. Bila mkataba, marubani wa Mashariki waliendelea kulipwa viwango vya wakati wa ufilisi, na wa Magharibi wakabaki na mkataba wao wa 2004, kila kundi likiruka na ndege zake chini ya jina moja la kampuni. Kampuni haikulazimika kufanya lolote ila kusubiri. Vita vya panzi, neema ya kunguru.

Delta na Northwest walionyesha mwaka 2008 kwamba mpangilio wa hatua nao ni sehemu ya haki. Mkataba wa pamoja wa mishahara ulipitishwa na marubani kabla muungano haujakamilika Oktoba, nao wakaahidiwa hisa. Orodha ikapelekwa kwa jopo la wasuluhishi, ambalo lilitoa uamuzi kabla ya mwaka kwisha, likichanganya marubani kwa cheo na aina ya ndege, na kuweka uzio wa miaka kadhaa kuzuia upande mmoja kuvamia baadhi ya ndege kubwa za upande wa pili. Manung'uniko yalikuwepo, lakini yalinung'unikwa na watu waliokwisha kuongezewa mishahara.

Sheria nayo ilikuwa imebadilika. American Airlines iliponunua shirika la TWA mwaka 2001, marubani wengi wa TWA walibandikwa mkiani mwa orodha, na wahudumu wa ndege wote vilevile. Kilio chao ndicho kilichozaa marekebisho ya McCaskill-Bond ya Desemba 2007, yanayolazimisha kuunganisha orodha kwa njia ya haki na usawa, na kupeleka suala kwa msuluhishi mazungumzo yakikwama. Sheria hiyo haisemi haki ni ukongwe au ni ukuu. Naona ilifanya vizuri kunyamaza, maana kipimo kimoja hakiwezi kufaa kila muungano.

Hata hivyo sheria haizuii kubadilishana, na kubadilishana kuna mitego yake. Southwest ilipoichukua AirTran mwaka 2011, viongozi wa marubani wa AirTran walikataa pendekezo la kwanza bila kulipeleka kwa wanachama, kisha wakapokea la pili lililokuwa hafifu zaidi. Kwa ufupi, walipoteza namba na kupata viwango vya juu vya mshahara. Baadaye Southwest ikazikodisha kwa Delta ndege 88 za Boeing 717 zilizotoka AirTran, na viti vingi ambavyo makapteni hao walikuwa wakivitegemea vikaondoka nazo. Namba uliyoiuza huwezi kuirudia.

Nchini India, ambako Air India iliunganishwa na Indian Airlines mwaka 2007, mambo yalipasuka kwa zamu. Mwaka 2011 marubani waliotoka Indian Airlines waligoma wakidai malipo sawa na wenzao. Mwaka 2012 wale wa Air India nao wakagoma kwa siku 58, wakipinga wenzao kufunzwa kurusha Boeing 787, ndege waliyoiona kuwa ngazi yao ya kupanda cheo.

Katika haya yote naegemea mseto: nafasi na aina ya ndege viwe msingi, ukongwe upewe uzito unaohesabika, ustaafu unaojulikana uingizwe kwenye hesabu, na uzio uwekwe kwa muda maalumu. Lakini kabla ya fomula, mshahara usainiwe kwanza, ili pasiwe na mtu anayelinda namba yake kwa kuwanyima wenzake nyongeza.

Kwa marubani wa US Airways, viwango vya ufilisi viliondoka walipoungana na American Desemba 2013, na orodha moja ya wote ilitoka Septemba 2016. Rubani wa Mashariki aliyekuwa na miaka 55 wakati wa muungano wa kwanza alifikisha 65, umri wa lazima wa kustaafu, mwaka 2015. Alichokipigia kura alikipata: hakuna rubani wa Magharibi aliyewahi kuwekwa mbele yake. Alikipata kwa kuruka miaka minane kwa mshahara wa kampuni iliyofilisika.