Kikosi cha zamu ambacho hakijawahi kutoka

Mtaani kwetu tuna ulinzi shirikishi. Kila nyumba inatoa mchango wa mwezi, na vijana wa zamu wanapewa tochi, filimbi na makoti ya mvua. Wakisikia kelele usiku wanapuliza filimbi kwanza, mengine yanajadiliwa asubuhi kwa mjumbe. Hakuna anayewaambia wanunue betri za tochi kwa hela yao eti kwa sababu wezi wamekuja usiku wa zamu yao.

Umoja wa Ulaya nao una vijana wa zamu. Tangu Januari 2007 una vikosi vya dharura vya askari wapatao 1,500 kila kimoja, ambavyo kwa miaka mingi vilipokezana kila miezi sita. Mpango ni kwamba uamuzi ukishatolewa, ndani ya siku kama 10 wawe wamefika wanakotakiwa. Wamefanya mazoezi pamoja, Wajerumani na Wabelgiji, Waswidi na Wafini, wamekula chakula kimoja na kujifunza amri za wenzao. Hakuna hata kikosi kimoja kati ya hivyo kilichowahi kutumwa vitani au kwenye dharura. Wanamaliza zamu, wanakabidhi, wengine wanaingia, basi.

Sababu zimeandikwa sana, lakini mimi naona mbili ndizo zenye uzito. Ya kwanza ni fedha. Vikosi hivi vikitoka, sehemu kubwa ya gharama inabebwa na nchi iliyokuwa zamu. Kwa hiyo waziri wa fedha wa nchi hiyo anajua kwamba dharura ikitokea katika zamu yake, bili ni yake, na majirani watamwombea heri. Ya pili ni kura. Operesheni ya kijeshi inahitaji kukubaliwa na nchi zote kwa kauli moja. Leo ni nchi 27. Mmoja akikataa, imekwisha.

Najua wapo watakaouliza haya yanatuhusu nini. Yanatuhusu, na ushahidi uko Bunia, mji wa mkoa wa Ituri mashariki mwa Kongo, ambao watu wake wanauziana mihogo kwa Kiswahili. Mei 2003 jeshi la Uganda lilipoondoka Ituri, wanamgambo wa makabila mawili hasimu, Wahema na Walendu, waliwachinja watu humo mjini. Walinda amani wa Umoja wa Mataifa waliokuwapo, wengi wao Wauruguay, walikuwa wachache mno. Maelfu ya watu walikimbilia kandokando ya kambi yao na ya uwanja wa ndege, wakalala chini ya maturubai. Tarehe 30 Mei Baraza la Usalama liliruhusu kikosi cha dharura. Wiki moja baadaye askari wa kwanza, Wafaransa, walikuwa wanashuka kwenye ndege zilizotokea Entebbe. Waliita operesheni hiyo Artemis, na ndiyo ya kwanza ambayo Umoja wa Ulaya uliifanya nje ya bara lake bila kuegemea NATO, ule muungano wa kijeshi wa Marekani, Kanada na nchi nyingi za Ulaya. Ufaransa ilitangulia, Waswidi na wengine wakafuata. Bunduki zilitoweka barabarani, soko likafunguliwa, na Septemba mosi wakakabidhi.

Haikuwa kazi kamili. Mamlaka yao yaliishia mjini, na vijijini watu waliendelea kuuawa. Bunduki nyingi zilifichwa tu. Lakini ukimuuliza mtu aliyekuwa chini ya turubai mwezi ule wa Juni, hatakuambia ilikuwa bure.

Miaka mitano baadaye, Novemba 2008, wapiganaji wa kiongozi wa waasi Laurent Nkunda walikuwa wanaukaribia mji wa Goma, hukohuko mashariki mwa Kongo. Katika mji wa Kiwanja, karibu na Rutshuru, watu wapatao 150 waliuawa ndani ya siku mbili, na kambi ya walinda amani haikuwa mbali. Katibu Mkuu Ban Ki-moon aliomba Ulaya ilete kikosi cha kuziba pengo hadi askari zaidi wa Umoja wa Mataifa wafike. Ubelgiji ilitaka. Zamu, hata hivyo, ilikuwa ya Ujerumani na Uingereza, na hizo hazikutaka. Vikosi vilikuwa tayari, mabegi yamefungwa, na havikutoka. Kila ninapoona kiongozi wa Ulaya akitangaza mabilioni mapya ya silaha, akili yangu inarudi Kiwanja. Siku ile hakuna aliyesema silaha hazitoshi.

Ugonjwa huu ni wa zamani. Mwaka 1950 Rene Pleven, waziri mkuu wa Ufaransa, alipendekeza jeshi moja la Ulaya. Mei 1952 nchi sita zilitia saini mkataba jijini Paris. Nne zikauridhia. Kisha tarehe 30 Agosti 1954 ukafika kwenye Bunge la Ufaransa yenyewe, mwenye wazo. Edouard Herriot, mzee wa miaka 82 asiyeweza tena kupanda jukwaani, aliongea akiwa amekaa kitini, akiupinga. Kura zikawa 319 kwa 264, mkataba ukafa, na wabunge walioshinda wakasimama wakaimba wimbo wa taifa. Siwacheki. Miaka kumi tu kabla yake Paris ilikuwa chini ya Wajerumani, na mkataba ulitaka wawape silaha tena. Yule mzee alikuwa na hofu ya kweli.

Hofu hiyo ndiyo iliyobaki hadi leo katika kura ya kauli moja, na ndiyo maana siikejeli. Ujerumani haiwezi kupeleka askari vitani bila ridhaa ya Bunge lake. Ireland, Austria na Malta hazijajiunga na NATO na wananchi wao wanataka iwe hivyo. Mama wa askari ana haki ya kujua ni nani aliyemtuma mwanawe, na jibu lisiwe «Brussels», yaani makao makuu ya Umoja wa Ulaya.

Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kukataa kwenda na kuwazuia wengine wasiende. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ulipoamua kuipa Ukraine silaha kutoka kwenye mfuko wa pamoja, nchi hizo tatu zilikaa kando kwa silaha za kuua, zikachangia mahitaji mengine, na uamuzi ukapita. Huo ndio uungwana ninaouheshimu. Hungaria ilichukua njia nyingine, na mabilioni ya euro kwenye mfuko huohuo yakakwama kwa kura moja.

Kuhusu makombora nitasema kidogo tu. Kombora la mzinga la milimita 155 lina uzito wa karibu kilo 45, pungufu kidogo ya mfuko wa saruji. Machi 2023 Ulaya iliahidi Ukraine milioni moja ndani ya miezi 12. Machi 2024 ilipofika, karibu nusu ndiyo yaliyokuwa yamefika. Isitoshe, kila kiwanda kilikuwa na vipimo vyake vidogovidogo, na kombora la huku lisikae vizuri kwenye mzinga wa kule. Askari aliye kwenye handaki hawezi kuamuru viwanda vielewane.

Kwa hiyo mpango wa 2025 wa kukopa hadi euro bilioni 150 ili nchi zinunue silaha pamoja naupokea, hasa kwa neno hilo «pamoja». Hautoshi. Ningetaka mambo mawili: gharama za kikosi cha zamu zilipwe na mfuko wa wote, na asiyetaka kwenda akae kando badala ya kufunga mlango.

Kuna mahali wameanza kuishi hivyo bila kelele nyingi. Tarehe 22 Mei 2025, mjini Vilnius, Ujerumani ilizindua brigedi yake ya Lithuania, itakayokuwa na watu wapatao 5,000 ifikapo 2027. Ni mara ya kwanza tangu Vita Kuu ya Pili kuweka kikosi kikubwa namna hiyo cha kudumu nje ya nchi. Lithuania inajenga kambi kwa fedha zake, Ujerumani inaleta vifaru na askari. Wapo watakaohamia na wake, waume na watoto, na shule za hao watoto nazo ziko kwenye mpango. Ndugu zangu, nchi ile iliwahi kukaliwa na jeshi la Wajerumani, na sasa inawajengea nyumba karibu na mpaka wa Belarus. Siku hatari ikija, kikosi hicho hakitasubiri mikono 27 ipande Brussels ndipo kifike. Kitakuwa kipo.