Ramani ya maafa ya Kigoma ichorwe kiangazi

Mwaka juzi, usiku wa mvua kubwa, ukuta wa nyumba ya jirani yetu hapa Ujiji uliangukia chumba walimolala watoto. Wote walitoka salama, isipokuwa mmoja aliyevunjika mkono, lakini gari tuliloliita kwa simu lilichukua karibu saa nzima kufika, si kwa sababu lilikuwa mbali, bali kwa sababu dereva hakujua tulipo. Kila alipouliza tulimjibu kama tunavyojibu siku zote: ukishavuka kalavati, kata kushoto kwenye mwembe, kwa bibi anayeuza mawese. Kwetu maelezo hayo yalitosha kabisa. Kwake yeye, mgeni wa miezi michache, umeme ukiwa umekatika na bibi wa mawese akiwa amelala kwake, hayakuwa na maana yoyote, na Ujiji haijawahi kuwa na upungufu wa miembe.

Tangu usiku ule nimekuwa mtetezi wa ramani zinazochorwa na umma, ambazo mtu yeyote mwenye simu janja au kompyuta anaweza kuongeza njia, kisima, zahanati au daraja, na mwingine akaja kusahihisha. Kubwa kuliko zote ni OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo taarifa zake hutumiwa bure na yeyote anayezihitaji. Hata hivyo, utetezi wangu una sharti. Naona tunaisifu teknolojia hii kwa sehemu yake nyepesi, yaani kuchora mapaa ya nyumba kutoka kwenye picha za satelaiti, huku tukiiacha sehemu ngumu ambayo mtu aliye mbali hawezi kuifanya: kuandika majina ya mahali tunayoyatumia wenyewe, kujua maji hupita wapi, na kujua njia ipi hufungwa kila masika. Kazi hiyo haifanyiki mvua ikiwa imekwisha kuanza.

Mfano unaotajwa sana ni wa Haiti. Tetemeko la Januari 12, 2010 lilipoubomoa mji wa Port-au-Prince, ramani za mtandaoni za mji huo zilikuwa na mapengo makubwa. Mamia ya watu wa kujitolea katika nchi mbalimbali walichora mitaa na majengo kutoka kwenye picha za satelaiti, na baada ya muda mfupi waokoaji waliokuwa pale mjini walikuwa wakiitumia ramani hiyo. Wakati huohuo wananchi walituma ujumbe mfupi wa simu kwenda namba 4636, na taarifa zao zikawekwa kwenye ramani ya Ushahidi, programu iliyozaliwa Kenya mwanzoni mwa mwaka 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Kipande ambacho wasimulizi wengi hukipita haraka ni kwamba ujumbe ule uliandikwa kwa Krioli, na walioufasiri na kutambua umetoka mtaa gani walikuwa Wahaiti waishio ughaibuni. Satelaiti iliweza kuiona barabara, lakini haikuweza kujua wakazi wanaiitaje.

Nasi wa ukanda huu tuna kisa chetu, cha zamani zaidi, ambacho nadhani kingefaa kusimuliwa kabla ya kila semina ya ramani. Mwaka 1856 ilichapishwa Ulaya ramani ya wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann, waliofanya kazi upande wa pwani ya Afrika Mashariki. Hawakuwa wameyaona maziwa ya bara. Waliwauliza wafanyabiashara na watu wa misafara, na kila mmoja akaeleza maji aliyoyakuta mwisho wa njia yake. Aliyepitia Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, hadi Ujiji alieleza Tanganyika, na aliyeondokea Kilwa alieleza Nyasa. Wachoraji waliyaunga maelezo hayo yote wakapata ziwa moja kubwa mno, lililojipinda kama konokono asiye na gamba. Ni baada ya safari ya wavumbuzi Waingereza Burton na Speke, waliofika Ujiji Februari 1858, ndipo konokono yule alipoanza kukatwakatwa. Watu wa misafara hawakudanganya. Kila mmoja alisema kweli juu ya ziwa lake. Kosa lilitokea mezani, pale maelezo yalipojumlishwa bila hata mmoja wao kuwapo kuitazama kalamu na kusema kwamba hapo pana nchi kavu, wanakaa watu.

Kosa la namna hiyo linaweza kurudiwa leo kwa vifaa bora zaidi. Ndiyo maana napenda zaidi mfano wa Dar es Salaam, ambako mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwapeleka wanafunzi wa vyuo vikuu kwa miguu katika kata zinazofurika, wakiwa pamoja na wakazi, kuchora mifereji, vijia na mipaka ya mitaa. Mwanafunzi alishika kifaa, mkazi akashika habari.

Kigoma ina sababu zake za kuhitaji kazi kama hiyo, na si sababu za Dar es Salaam. Maafa yetu ya maji huja kwa njia zaidi ya moja. Kuna maji ya ghafla yanayoteremka kutoka milimani kupitia makorongo ya mjini, na hayo humaliza shari yake kwa saa chache. Kuna maji yanayotuama, kama pale Katubuka, ambapo bwawa hujaa na kuingia majumbani kwa sababu hayana pa kutokea. Halafu kuna ziwa lenyewe. Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, Mto Lukuga upande wa Kongo, na kwa hiyo miaka ya mvua nyingi ikifuatana hupanda polepole na kushuka polepole. Tuliona tangu mwaka 2020 jinsi maji yalivyosogea hadi kwenye nyumba na maghala ya ufukweni, na jinsi wachuuzi wa dagaa wa Kibirizi walivyolazimika kuhamisha shughuli zao. Ramani iliyochorwa kutoka kwenye picha iliyopigwa kabla ya hapo itakuonyesha pwani pana na kavu ambayo sasa mitumbwi inaelea juu yake. Kila aina ya maji inadai ramani yake: ya makorongo inahitaji vivuko na kalavati, ya bwawa inahitaji alama za kina cha maji kwenye kuta, na ya ziwa inahitaji kurudiwa kila mwaka.

Nani aifanye? Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa hadi ngazi ya kata na kijiji, kwa hiyo hatuhitaji kubuni chombo kipya. Tunahitaji kuzipa kamati hizo kazi wakati wa kiangazi, katika miezi ya Juni hadi Septemba ambapo kamati nyingi hazina la kujadili. Vijana wawili wenye simu katika kila mtaa, mwalimu mmoja wa jiografia, dereva wa bodaboda, mvuvi, na kina mama wanaojua kisima kipi hubaki na maji safi mafuriko yakija: kundi hilo likitembea siku nne, litaandika mambo ambayo mchoraji wa ng'ambo hawezi kuyakisia hata akichora mwaka mzima. Majina yaandikwe yote mawili, la kwenye kibao na la mdomoni. Serikali imefanya kazi nzuri ya anwani za makazi, na mitaa yetu sasa ina vibao na nyumba zina namba, lakini nakiri kwamba namba ya nyumba yangu niliisoma kwa mara ya kwanza mwaka jana, nilipoulizwa na mtu aliyeniletea mzigo. Mtu anayekimbia maji hatapiga simu na kutaja namba. Atataja mwembe.

Wapo wanaohofia kwamba ramani iliyo wazi kwa kila mtu itaharibiwa na wapotoshaji. Hofu hiyo siipi uzito mkubwa, kwa kuwa kila badiliko katika OpenStreetMap huhifadhiwa pamoja na historia yake na linaweza kurudishwa nyuma. Hofu ninayoikubali ni ya faragha. Mwaka 2015, kipindupindu kilipozuka Kagunga, kijiji cha mpakani mwa Burundi, miongoni mwa maelfu ya wakimbizi wa Burundi waliokwama ufukweni, ramani ya visima, vyoo na gati ingekuwa na faida. Ramani ya vibanda vya wagonjwa, ikiwa mtandaoni mbele ya macho ya watu wote, ingekuwa dhuluma. Kilicho cha umma kichorwe na kuachwa wazi. Habari za mgonjwa, za mlemavu anayehitaji kubebwa, za mjane anayeishi peke yake, zibaki katika daftari la mwenyekiti wa mtaa, na daftari hilo lifungiwe kabatini.

Sharti langu la mwisho huwachekesha vijana ninaozungumza nao, kwa kuwa wao wanapenda ramani iwe kwenye simu. Usiku ukuta ulipoanguka, simu yangu ilikuwa na asilimia sita za chaji na mtandao ulikuwa unakuja na kupotea. Kwa hiyo, kazi ikikamilika, ramani ya kila mtaa ichapishwe kwenye karatasi kubwa, ifunikwe kwa nailoni, ibandikwe katika ofisi ya mtaa na ofisi ya kata, na nakala moja ipelekwe kwa wale wanaoendesha magari ya dharura. Mwembe wetu uwe humo. Bibi wa mawese nimeshamuuliza kama anakubali kibanda chake kiandikwe. Amesema hana pingamizi, ila tusikosee jina.