Seti Kamili Isiyo na Mickey Mantle

Seti ya kadi za besiboli (kadi zenye picha za wachezaji, ambazo watu huzikusanya) ya kampuni ya Topps ya mwaka 1955 huhesabiwa kuwa kamili ikiwa na kadi 206, ilhali namba zake zinafika 210, kwa kuwa namba 175, 186, 203 na 209 hazikutolewa kabisa. Hilo ningeweza kulivumilia. Kinachokera ni kwamba Mickey Mantle, nyota wa timu ya New York Yankees, hayumo katika seti hiyo wala katika ile ya 1954, kwa sababu mkataba wake ulikuwa na Bowman, kampuni iliyogombea wachezaji na Topps hadi iliponunuliwa nayo mwaka 1956. Stan Musial naye, aliyetwaa ubingwa wa wapigaji wa National League, mojawapo ya ligi kuu mbili za besiboli Marekani, mara saba (mara saba!), hakupata kadi ya Topps hadi 1958. Basi mkusanyaji hutumia fedha nyingi kumsaka mchezaji wa akiba asiyekumbukwa na yeyote, ili tu azibe pengo la mwisho, kisha anabaki na albamu ya miaka ya hamsini isiyo na watu walioitawala miaka hiyo.