Swali lililoulizwa Arusha

Ukitaja Arusha, watu hukumbuka Ngorongoro na Mlima Meru. Mimi hukumbuka jengo la AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa, na mama mmoja aliyeketi humo kwa miaka akisikiliza mambo ambayo wengi wetu tusingeyastahimili hata saa moja.

Mama huyo ni Navi Pillay. Alizaliwa Durban, Afrika Kusini, mwaka 1941, binti wa dereva wa basi. Mwaka 1967 alifungua ofisi yake ya uwakili, mwanamke wa kwanza asiye mzungu kufanya hivyo katika jimbo la Natal. Msidhani ni ujasiriamali; hakuna kampuni ya mawakili iliyotaka mzungu apokee maagizo yake. Mwaka 1973 aliwapigania wafungwa wa Robben Island mpaka wakapata haki ya kuonana na mawakili. Lakini chemba ya jaji, yaani ofisi yake mahakamani, hakuruhusiwa kukanyaga. Siku alipoingia kwa mara ya kwanza, mwaka 1995, alikuwa ameteuliwa jaji, na chemba ilikuwa yake mwenyewe.

Hakukaa sana. Akachaguliwa kuja Arusha, kwenye mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyohukumu mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994, mwanamke pekee kati ya majaji.

Hapo ndipo kesi ya Jean-Paul Akayesu, meya wa wilaya ya Taba nchini Rwanda, inaponishika. Hati ya mashtaka ya mwanzo haikugusa ubakaji kabisa. Kisha shahidi mmoja, aliyeitwa kueleza mengine, akataja alichotendewa bintiye mdogo. Majaji hawakumpita, waliuliza, na Pillay alikuwa miongoni mwao. Wakaja mashahidi wengine, na Juni 1997 hati ikarekebishwa. Tarehe 2 Septemba 1998 mahakama ikatamka kwamba ubakaji unaweza kuwa mauaji ya kimbari ukifanywa kwa nia ya kuliangamiza kundi la watu. Hakuna mahakama ya kimataifa iliyowahi kusema hivyo kabla ya hapo. Akayesu alifungwa maisha.

Utetezi ulilalamika kwamba mashtaka hayo yaliongezwa kwa shinikizo. Hoja hiyo siidharau, maana jaji si mwendesha mashtaka. Ila jaji anayesikia jambo zito namna ile akafunua ukurasa unaofuata, huyo naye ameshachagua upande. Wachunguzi walikuwa wamezunguka Rwanda na daftari zao, na wanawake wale walikuwepo muda wote. Ndiyo maana huwa sielewi mtu anaponiambia kuweka wanawake kwenye benchi ni kupamba picha ya pamoja.

Baadaye Pillay aliiongoza mahakama hiyo, akaenda The Hague kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, kisha Geneva akawa Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2008 hadi 2014. Vyeo vikubwa hivyo, na kila kimoja kina habari yake. Mimi nabaki na Taba.

Nimekutana na wanafunzi wa sheria hapa Dar wanaozijua kesi za Wanazi kule Nuremberg kwa tarehe na majina. Ukiwauliza Taba, wanakutazama tu, na kesi yenyewe ilisikilizwa mwendo wa basi wa siku moja kutoka chuoni kwao.