Profesa au mtu wa nje: nani anakipandisha chuo kikuu?

Chuo kikuu cha Marekani kinapotafuta rais mpya, cheo ambacho kwetu hushikwa na Makamu Mkuu wa Chuo, bodi ya wadhamini hugawanyika juu ya swali lile lile: achukuliwe profesa aliyekulia kwenye utafiti, au mtu aliyeendesha kampuni au jimbo? Mjadala ukiendelea, macho huwa kwenye orodha za ubora, hasa ya jarida la U.S. News & World Report.

Kuna sababu. Orodha hiyo ilipotoka mara ya kwanza mwaka 1983, ilitegemea maoni ya marais wa vyuo peke yake. Hata sasa, asilimia 20 ya alama za vyuo vikuu vya kitaifa hutokana na maoni ya marais, wakuu wa taaluma na wakuu wa udahili kuhusu vyuo vya wenzao. Rais anayeheshimiwa na wasomi huanza kazi akiwa na mtaji ambao mgeni hana budi kuutafuta.

Mtafiti wa Uingereza, Amanda Goodall, aliipa hoja hii uzito zaidi. Aliwaangalia viongozi wa vyuo 100 bora duniani, akaona kwamba kadiri chuo kilivyo juu, ndivyo maandishi ya kiongozi wake yanavyonukuliwa zaidi na watafiti wengine. Pingamizi liko wazi: huenda chuo kikubwa ndicho kinachomvuta msomi mkubwa. Goodall alilijibu kwa kuvifuatilia vyuo vya Uingereza kwa miaka kadhaa, na vile vilivyoongozwa na watafiti hodari vilifanya vizuri zaidi baadaye. Naliamini hilo, kwa sababu anayejua utafiti mzuri unavyofanyika hadanganyiki kirahisi anapoajiri.

Hata hivyo, kisa cha Chuo Kikuu cha Northeastern, Boston, kinanizuia kulikumbatia jibu hilo lote. Richard Freeland, aliyekiongoza kuanzia 1996 hadi 2006, alikuwa mwanahistoria wa elimu ya juu. Alikikuta katika nafasi ya 162, akakiacha katika ya 98. Alichofanya ni kuisoma fomula ya orodha kwa makini. Madarasa mengi yaliwekewa kikomo cha wanafunzi 19, kwa kuwa alama zilitolewa kwa madarasa yasiyofika 20. Aliwaendea pia marais wenzake, wale wale wanaotoa maoni. Sisemi wanafunzi hawakufaidika, maana darasa dogo humfaa kila mtu. Lakini kazi hiyo angeiweza hata mhasibu makini.

Na watu wa nje? Mitch Daniels aliingia Chuo Kikuu cha Purdue kama rais mwaka 2013 akitoka ugavana wa Indiana. Wahadhiri walinung'unika, tena kwa haki, kwani wadhamini wengi waliomchagua aliwateua yeye mwenyewe. Lakini alipoondoka mwisho wa 2022, ada ya wakazi wa jimbo ilikuwa bado chini ya dola 10,000 kwa mwaka, na wanafunzi walikuwa wamezidi 50,000. Kwa familia ya kawaida, hiyo ni sifa nzito kuliko nafasi yoyote kwenye orodha.

Katika Chuo Kikuu cha Missouri mambo yaliharibika. Rais wake, Tim Wolfe, aliyetoka kampuni za programu za kompyuta, alijiuzulu Novemba 2015 baada ya maandamano ya wanafunzi weusi dhidi ya ubaguzi. Waandamanaji walipolizuia gari lake, hakushuka kuzungumza nao. Aliomba radhi wiki kadhaa baadaye, hasira zikiwa zimeshapanda. Ndani ya miaka miwili, idadi ya wanafunzi wapya katika kampasi kuu ilishuka kwa zaidi ya theluthi.

Wanaosema tatizo lilikuwa ukampuni wake waitazame Stanford. Rais wake, Marc Tessier-Lavigne, mwanasayansi wa ubongo mwenye jina kubwa, aling'oka mwaka 2023 baada ya jopo kukuta kasoro kubwa katika baadhi ya makala za utafiti alizoshiriki kuandika, ingawa halikumkuta yeye akighushi data. Usomi wake ndio uliomfikisha kwenye kiti, na ndio uliomtoa.

Kama ningekuwa kwenye bodi, bado ningeanza na profesa. Lakini kabla ya kuhesabu machapisho yake, ningewaita waliofanya kazi chini yake: makatibu, wahadhiri vijana, wanafunzi waliowahi kumpinga. Mgombea wa kutoka nje ningemkubali kwa sharti kwamba ajira na mitaala vibaki mikononi mwa mkuu wa taaluma anayeaminiwa na wahadhiri, na sharti hilo liandikwe kwenye mkataba.