Danadana za huduma kwa wateja: nani abebe mzigo wa vifaa visivyoelewana?

Mteja kanunua skana, kaiunganisha na kompyuta, haisomeki. Akiwapigia simu watengenezaji wa skana, anaambiwa tatizo ni mfumo endeshi. Wenye mfumo endeshi nao wanamwambia draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na kifaa, si yao, arudi kwa watengenezaji wa skana. Akirudi anapokewa na mhudumu mwingine kabisa, anayemtaka aeleze yote upya na aanze kwa kuzima kompyuta na kuiwasha. Malalamiko ya namna hii si mageni, na jibu la watu wa fani nalo halibadiliki: mteja asome mahitaji ya kifaa kabla hajatoa pesa yake, na asimfokee mhudumu ambaye hakuiandika hiyo draiva.

Jibu hilo lina ukweli wake. Kompyuta binafsi ni mkusanyiko wa kazi za kampuni nyingi: huyu katengeneza prosesa, yule kadi ya picha, mwingine mfumo endeshi, na juu yake zinakaa programu za watu wengine kabisa. Hakuna maabara inayoweza kujaribu michanganyiko yote inayotokana na hapo. Draiva nyingi hufanya kazi ndani ya kiini cha mfumo, ndiyo maana kosa dogo mle huangusha mashine nzima. Mhudumu haioni kompyuta yenyewe. Anategemea maelezo ya mtu mwenye hasira ambaye pengine kasahau kutaja programu aliyoiweka jana yake. Hata kuzima na kuwasha hutatua mambo mengi. Tena kuvunja utangamano kuna wakati kuna sababu nzito: Windows Vista ya biti 64, mfumo endeshi wa Microsoft, ilipokataa draiva za kiini zisizo na saini ya kidijitali (alama ya kuthibitisha draiva imetoka kwa nani), lengo lilikuwa kulinda usalama na uthabiti wa mfumo.

Ila hiyo kauli ya "ungesoma kwanza" inamwonea mteja, na historia ya Vista hiyo hiyo inaonyesha ni kwa kiasi gani.

Mwaka 2006, kabla Vista haijaingia madukani, kompyuta ziliuzwa zikiwa na stika ya "Windows Vista Capable", yaani mashine inaimudu Vista. Nyingi kati yake zilimudu toleo la chini tu, lisilo na mwonekano mpya uliokuwa ukinadiwa kwenye matangazo. Kesi ilifunguliwa Marekani mwaka 2007, na barua pepe za ndani za Microsoft zikatolewa hadharani mwaka uliofuata. Zilionyesha kwamba sharti la kadi ya picha lililegezwa hadi chipu ya Intel 915 ikapita, ingawa haikuweza kutumia mfumo mpya wa draiva za picha. Meneja mmoja aliandika kuwa lengo lilikuwa kuisaidia Intel kwenye mapato yake ya robo mwaka, kauli ambayo Intel iliikataa. Mike Nash, makamu wa rais wa Microsoft wakati huo, alilalamika kwamba laptopu aliyoinunua kwa pesa yake mwenyewe imebaki kuwa mashine ya barua pepe ya dola 2,100. Februari 2009 kesi iliondolewa hadhi ya kesi ya pamoja, yaani ya wanunuzi wengi kama kundi moja, na hilo tuliseme kwa haki. Lakini ikiwa kiongozi wa kampuni iliyotunga masharti yale aliiamini stika akaumia, mnunuzi wa kawaida alitakiwa kusoma nini zaidi?

Katika nyaraka hizo hizo kuna takwimu ambayo naona haijatafakariwa vya kutosha. Katika ripoti za kuanguka kwa Vista za mwaka 2007, draiva za Nvidia, watengenezaji wa kadi za picha, zilihusishwa na asilimia 28.8. Za Microsoft yenyewe zilikuwa asilimia 17.9. Mashabiki wa Windows waliishika namba hiyo kama ushahidi kwamba Microsoft ilisingiziwa, na kwa sehemu wako sahihi, maana aliyeona skrini ya bluu, ile inayotokea Windows ikianguka, aliilaumu Windows hata pale kosa lilipokuwa la kadi ya picha. Nvidia nayo ilikuwa na utetezi: kadi zake zilikuwa nyingi mno sokoni, kwa hiyo lazima ajali zake ziwe nyingi, na mfumo wa draiva ulikuwa umebadilishwa na Microsoft. Kila upande una hoja.

Sasa iangalie namba hiyo kwa jicho la mteja. Ina maana Microsoft ilikuwa inapokea ripoti, inazichambua na kuzipanga kwa jina la kampuni. Jibu la swali "kosa ni la nani?" kwa sehemu kubwa lilikuwepo, limehifadhiwa, na wenye nalo hawakuwa wateja. Isitoshe, takriban asilimia 17 ya ajali hizo ziliwekwa kwenye kundi la visababishi visivyojulikana. Yaani wenye mfumo, wakiwa na wahandisi wao na kumbukumbu zote za kiufundi, walishindwa kumpata mhusika katika ajali moja kati ya kila sita hivi. Halafu mtu aliyekaa nyumbani na simu sikioni ndiye anayetakiwa ajue ampigie nani!

Hili halikuishia kwa Vista. Juni 2021 Microsoft ilipotangaza Windows 11, ilitoa programu ya kukagua kama kompyuta inafaa. Toleo la mwanzo liliwaambia watu wengi kwamba kompyuta yao haifai, bila kusema kwa nini. Mwenye mashine nzuri hakujua kama shida ni prosesa, au ni TPM 2.0, kijenzi cha usalama, iliyomo tayari ila imezimwa kwenye mipangilio, jambo la kurekebisha kwa dakika chache. Microsoft ilikiri kwamba programu haikuwa tayari kutoa maelezo ya kina, ikaiondoa, na baadaye ikaleta toleo linalotaja sababu. Mahitaji yalibaki magumu vile vile kwa walio wengi, ila angalau mtu aliambiwa kinachokosekana.

Hapo ndipo ninaposimama. Sizitaki kampuni zihakikishe kila kifaa kinaelewana na kingine milele, hilo haliwezekani. Ninachokidai ni kwamba anayesema "si kosa letu" aonyeshe kaonaje: msimbo wa hitilafu, faili lililoanguka, toleo la draiva. Kisha aipeleke tiketi, yaani kumbukumbu ya tatizo la mteja, kwa kampuni ya pili yeye mwenyewe. Wanaosema haiwezekani wajue kwamba inafanyika. Tangu 1993 kuna TSANet, mtandao wa kampuni za teknolojia zilizokubaliana kushirikiana pale tatizo la mteja linapogusa bidhaa za zaidi ya kampuni moja. Kinachosikitisha ni kwamba ushirikiano huo huwanufaisha zaidi wateja wakubwa wa kibiashara. Aliyenunua skana moja anabaki kupigwa danadana.

Watasema ni gharama, na mhudumu anayepimwa kwa urefu wa simu zake hana muda wa uchunguzi. Kweli ni gharama. Lakini gharama hiyo inalipwa hata sasa, kwa saa za mteja na kwa vifaa vizima vinavyotupwa kwa sababu tu draiva haipo. Kampuni ikiamua kutoandika draiva ya toleo jipya la mfumo, ni haki yake. Iliandike hilo kwenye ukurasa wa bidhaa siku hiyo hiyo, na iziache draiva za zamani mahali zinapopatikana, badala ya kumwacha mhudumu aendelee kufungua tiketi za tatizo ambalo kampuni ilishaamua kutolitatua.