Siku Mtaji Uliporuka

Mimi ni Mhaya wa Bukoba, na balaa lote lilianzia hapo.

Tulikuwa mwaka wa pili wa shahada ya usimamizi wa biashara, masomo ya jioni, katika chuo kimoja cha Kampala ambacho jina lake nalihifadhi kwa sababu bado sijachukua cheti. Somo la ujasiriamali likatuletea kazi: watu watano, mtaji kutoka mifukoni mwenu, biashara ya kweli, na mwisho wa muhula mnasimama mbele ya madamu na darasa zima kujieleza. Wenzetu walikimbilia yale yale. Kundi moja liliuza rolex, zile chapati zilizoviringishwa na mayai, langoni, jingine likafua nguo za watu hosteli.

Mimi nikasema: senene.

Ilikuwa Novemba, msimu wa panzi hawa wa kuliwa. "Niachieni mimi," nikawaambia. "Nimezaliwa juu ya senene."

Ukweli ni kwamba Bukoba senene nilikuwa nawajua sahanini tu, wameshakaangwa, wana chumvi. Waliokuwa wakihangaika nao wazima ni bibi na shangazi zangu. Jambo hilo sikuliingiza kwenye mpango wa biashara.

Kundi lenyewe: mimi, dada mmoja wa Mombasa, kijana wa Goma, mtunza hazina wetu wa Masaka aliyekuwa mpole kupita kiasi, na mmoja tuliyemwita Afande. Huyu alikulia kambini, baba yake mwanajeshi, na Kiswahili chake kilikuwa cha amri tupu. Akikuomba chumvi unahisi umepewa doria. Dada wa Mombasa alitangaza msimamo mapema: "Kwetu twala pweza, twala ngisi. Panzi ni wako, kaka, mimi nitakushikia kalamu."

Tukachanga 20,000 kila mmoja, jumla 100,000 za Uganda, na alfajiri moja tukaenda Katwe, mimi, Afande na mtunza hazina. Mimi ndiye nilianza kupatana bei, kwa Kiswahili changu laini cha Kagera. Muuzaji akanitazama kama mtu wa kuombaomba. Baraza la Mawaziri lilishakipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, lakini habari hiyo ilikuwa haijamfikia yule bwana na gunia lake. Ndipo Afande akasogea, akasema maneno mawili tu: "Punguza bei!" Uganda wapo watu ambao hadi leo wakisikia Kiswahili cha namna ile wanatafuta kitambulisho. Bei ikashuka palepale. Tukapata senene wazima, ndoo tele, kwa 80,000.

Kwa nini wazima? Nami najiuliza. Mtunza hazina alipendekeza tuwanyonyoe mabawa na miguu, tuwakaange, tuwapime kwa vikombe kama wanavyofanya watu wenye akili. Nikakataa. Nikasema mteja anataka kuona ubichi wa bidhaa, na kwamba onyesho la moja kwa moja litatupa alama. Neno "onyesho" nililitamka kwa kujiamini sana.

Ndoo ikashinda chini ya kitanda changu, imefungwa kwa kanga aliyonipa mama. Kutwa nzima ilikuwa inachakacha mle ndani, kama mvua ya mbali juu ya majani ya mgomba. Saa kumi na mbili jioni kijana wa Goma, mtu wa huruma, akalegeza fundo "wapate hewa". Hakuniambia. Nimemsamehe, ila bado namkumbusha.

Saa moja na nusu usiku zamu yetu ikafika. Ndoo nikaiweka juu ya meza, kando ya projekta. Slaidi ya kwanza, jina la biashara. Ya pili, mtaji. Ya tatu, soko. Picha ikaonekana imefifia, nikasema, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu: "Naomba mtuzimie taa."

Mtunza hazina akanivuta shati. "Ndugu, hiyo taa ya mashine..."

"Tulia, mimi Mhaya."

Taa zikazimwa. Nikabonyeza slaidi ya nne na kuisoma kwa sauti: "Senene huvutwa na mwanga mkali usiku. Ndiyo maana wategaji wa Masaka huwasha taa kubwa na kusimamisha mabati, mdudu agonge bati, ateleze, aangukie pipani."

Sikuifikia nukta.

Kanga ilifunuka taratibu, kwa heshima, kama mtu anayeomba ruhusa ya kutoka. Kisha mtaji wetu wote ukaruka. Ulikwenda moja kwa moja kwenye ukuta mweupe, pale pale ulipoelekezwa na slaidi. Mmoja akatua juu ya kioo cha projekta, na ukutani ukatokea mguu wa mnyama mkubwa kuliko mbuzi, una miiba, unajikuna. Dada wa Mombasa alipiga ukelele ambao nadhani uliogopesha hata senene. Katika kuhangaika nikabonyeza mbele, ikaja grafu ya gharama na mapato. Senene wa kijani akatua kwenye mstari wa mapato, akaupanda polepole, akafika pale mistari miwili inapokatana, mahali ambapo huna faida wala hasara, akakaa. Lilikuwa jambo pekee katika uwasilishaji ule lililokwenda kama tulivyopanga.

"Washeni taa!" nikapiga kelele. Wakaziwasha. Sasa senene wakawa na taa kumi na sita badala ya moja.

Huenda kwingine watu wangekimbia. Kampala, Novemba, watu walifunga mlango kwa ndani. "Nsenene! Nsenene!" Kofia zikavuliwa, mikoba ikamwagwa madaftari, kavera, mifuko ya plastiki, zikatokea sijui wapi. Wanafunzi ambao muhula mzima hawakuwahi kunyoosha mkono walipanda juu ya viti. Askari wa lango alisikia, akaja mbio, akavua buti moja na kuanza kujaza. Luca Pacioli alichapisha kanuni za kuingiza hesabu mara mbili huko Venice mwaka 1494, lakini sidhani alifikiria mali inayotoka kwenye leja kwa miguu yake.

Madamu hakuinuka. Alimchukua mmoja aliyekuwa begani mwake, akamnyonyoa mabawa kwa vidole viwili bila kutazama, jinsi mtu anavyomenya karanga, akamweka juu ya karatasi yetu ya alama. Kisha akauliza: "Kundi la nne, bidhaa mliyobaki nayo mwisho wa kipindi ni kiasi gani?"

Mtunza hazina akachungulia ndoo. "Kumi na mmoja, madamu." Akachungulia tena. "Kumi."

"Na mauzo?"

Kimya. Ndipo yule askari, buti mkononi, akapata aibu, akatoa noti ya 5,000 na kutukabidhi. Madamu akatuagiza tuiandike. Tukaiandika: mapato 5,000, mbele ya darasa lililokuwa na bidhaa yetu mifukoni likitutazama kwa upendo.

Usiku ule hosteli nzima ilinuka vitunguu na senene wa kukaanga. Tuliwanunua wetu wenyewe kwa jirani, kikombe kimoja. Dada wa Mombasa alionja mmoja kwa ncha ya ulimi, kisha akaivuta sahani upande wake bila kusema neno.

Saa nne mama akapiga simu kutoka Bukoba, kuuliza masomo, na kuuliza kama huku kwetu senene wameshaanguka.

"Wameanguka, mama."

"Wengi?"

"Darasa zima."